Novemba inakaribia: mtoto apeleke wapi ombi lake moja la mapema?

Baba Zuhura, Portland (Maine, Marekani)

Wakuu, salaam. Kila Septemba simu yangu haipoi. Wanaopiga ni wazazi wenzangu wa hapa Portland, Westbrook na Lewiston, watu wa Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, na swali ni lile lile: kijana yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, mshauri wa shule amesema aombe chuo mapema, je aombe wapi? Nimekuwa nikijibu usiku baada ya zamu, nikiwa nimechoka, na kila mara nasahau jambo la maana. Leo niko mapumziko. Naliweka lote hapa.

Nianze na kosa langu. Mwaka 2021 binti yangu mkubwa alipeleka ombi la mapema la kufunga, yaani ukikubaliwa lazima uende, kwenye chuo kimoja chenye jina kubwa. Tulikichagua kwa jina tu. Jibu lilipotoka katikati ya Desemba nyumba nzima ilipiga vigelegele, jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini. Kesho yake tukafungua barua ya fedha. Tulitakiwa kutoa dola 14,000 kwa mwaka zaidi ya tulivyotarajia. Nilikaa usiku kucha nikitafuta tofauti hiyo imetoka wapi, nikaikuta kwenye kikokotoo cha bei, ile fomu ya mtandaoni ya chuo inayokadiria familia itatoa kiasi gani: nilikuwa nimejaza mshahara unaoingia benki badala ya mshahara kabla ya makato, na ovataimu sikuijaza kabisa. Tuliwaandikia wapitie upya, wakapunguza kidogo, bado haikutosha. Tukaomba tufunguliwe, wakatufungua tarehe 21. Binti akabaki na wiki mbili za kuandika insha za vyuo vingine huku machozi yanamtoka. Alifika chuo kikuu cha jimbo na amemaliza vizuri, lakini zile wiki mbili nilizisababisha mimi.

Sasa tuelewane kwanza maana, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapochanganya.

Kuna ED (Early Decision), ombi la mapema la kufunga. Hii ni posa. Unapeleka nyumba moja tu, na wakijibu ndiyo, huendelei kuzunguka nyumba nyingine: unaondoa maombi yako yote kwingine na unakwenda pale. Fomu wanaisaini watu watatu, yaani mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule. Dartmouth na Brown wanapokea hadi 1 Novemba. Bowdoin, Bates na Colby hadi 15 Novemba. Majibu hutoka katikati ya Desemba.

Kuna EA (Early Action), ombi la mapema lisilofunga. Unapata jibu mapema, unaamua hadi 1 Mei, na unaweza kuomba vyuo kadhaa. MIT wako hivyo, na vyuo vikuu vingi vya majimbo.

Halafu kuna ile ya katikati, REA (Restrictive Early Action), ya Harvard, Yale, Princeton na Stanford. Haikufungi kwenda, ila inakukataza kuomba mapema kwenye vyuo vingine binafsi. Vya serikali unaruhusiwa. Nimewaona watoto wawili waliokosa kujua hilo la mwisho wakakaa bila kuomba chuo cha jimbo hadi Januari, wakati walikuwa na ruhusa.

Kwa nini vyuo vinaipenda ED? Kwa sababu kila wanayemchukua atakuja. Chuo kinachochukua watu Machi hakijui ni wangapi watakubali. Cha ED kinajua vitanda vingapi vimejaa kabla ya mwaka mpya. Uhakika huo wanaulipia kwa kulegeza mlango kidogo. Brown, kwa darasa litakalohitimu 2028, walipokea maombi ya ED 6,244 wakachukua 898, zaidi kidogo ya 14 kwa mia. Kwa jumla ya maombi yote ilikuwa 5 kwa mia. Na nyuma huko 2003 Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walichapisha uchunguzi wao wa maombi ya vyuo teule na wakaonyesha kwamba kuomba mapema kunampa mwanafunzi nguvu inayokaribia kuongezewa alama 100 za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo.

Hapo ndipo wazazi wanaposhika kalamu na kukimbilia chuo chenye asilimia kubwa. Ngoja kwanza. Ndani ya hao 898 wapo wanamichezo ambao kocha alishawahakikishia nafasi tangu kiangazi, na wapo watoto ambao wamefundishwa tangu darasa la tisa namna ya kuandika ile insha. Ukiwatoa hao, kinachobaki kwa mtoto wetu ni kidogo kuliko kile kinachoonekana kwenye tarakimu. Msukumo upo kweli, lakini humsaidia yule ambaye tayari maksi zake zinalingana na za waliopo chuoni. Aliye mbali na mlango haumfikishi.

Kwa hiyo mimi nauliza maswali mawili tu kabla ya kusikia jina la chuo. La kwanza: mnajua bei? Namaanisha bei ya nyumba yenu, maana hivi vyuo vimepita dola 85,000 kwa mwaka na karibu hakuna mtu wa kwetu anayelipa hiyo. Kaeni na fomu ya kodi (kwa anayeingia chuo 2026 wanaangalia kodi ya 2024), fungueni kikokotoo kwenye tovuti ya chuo chenyewe, jazeni mapato kabla ya makato, ovataimu, kila kitu. Kama una biashara, unaendesha Uber au una kampuni ya kutunza wazee, usikiamini sana. Kikokotoo hukosea zaidi kwa wenye biashara. Andikia ofisi ya misaada, vyuo vingine hukubali kukukadiria kabla hujaomba.

La pili: kama vyuo vyote vingemwita mtoto siku moja, angekwenda hiki? Akisita, hana chuo cha ED. Na kukosa chuo cha ED si aibu hata chembe.

Maswali karibuni.

Mama Riziki, Lewiston

Shikamoo Baba Zuhura, na asante sana. Mimi nina swali ambalo limeninyima usingizi. Sisi tulifika 2022, kesi yetu ya hifadhi bado haijasikilizwa. Kijana wangu anasoma vizuri, anapenda Bowdoin, alipelekwa kutembea kule na shule akarudi mtu mwingine. Lakini watu kanisani wanasema hatuwezi kupata msaada wa serikali, na mshauri wake anasema familia maskini isiombe ED kwa sababu lazima ilinganishe barua za fedha. Nishike lipi?

Baba Zuhura, Portland

Marahaba mama. Ya kanisani ni kweli nusu. Wakati kesi inasubiri, mtoto hapati pesa ya serikali kuu kupitia FAFSA, fomu ya kuombea msaada huo. Mkishapewa hifadhi anapata. Lakini msaada mkubwa wa vyuo kama Bowdoin hautoki serikalini, unatoka mfukoni mwa chuo chenyewe. Tangu 2022 Bowdoin wametangaza kwamba hata kwa wasio raia hawaangalii uwezo wa kulipa wanapoamua nani aingie, na tangu 2008 hawaweki mkopo kwenye msaada wao. Kwa nyumba kama yenu hilo ni kubwa kuliko jina lolote. Pia hawadai SAT, na hawajaidai tangu 1969, kwa hiyo kijana aliyeanza Kiingereza majuzi hapimwi kwa saa mbili za mtihani.

Kila chuo kina namna yake ya kumweka mtoto aliye kwenye kesi kama yenu. Vingine humhesabu na wageni, vingine na Wamarekani. Mwandikie ofisa wa udahili, taja hali yenu wazi, taka jibu la maandishi. Ukijibiwa kwa simu, andika wewe baruapepe ukirudia alichosema.

Kuhusu mshauri, wasiwasi wake una msingi, lakini unategemea chuo. Kulinganisha barua kunasaidia pale ambapo vyuo vinatofautiana sana kwa kutoa. Kwenye chuo kinachoahidi kujaza pengo lote kati ya bei na uwezo wenu bila mkopo, na wewe umekaa na kikokotoo ukaona tarakimu mnayoiweza, cha kulinganisha kimepungua sana. Na kama barua ikija na pesa isiyotosha, mna haki ya kuomba wapitie upya, kisha kuomba kufunguliwa. Yalinipata, hatukufungwa jela.

Omondi, Minneapolis

Baba Zuhura nakuheshimu, lakini hapa nitakupinga kidogo. Unaifanya ED ionekane salama mno. Hao hao wakubwa wamewahi kuikiri shida yake: Harvard ilifuta maombi ya mapema mwaka 2006, Derek Bok akiwa rais wa muda, wakasema utaratibu huo unawaongezea walionacho. Princeton wakafuata. Mwaka 2011 wote wawili wakairudisha. Na Agosti 2025 kuna kesi imefunguliwa mahakama ya shirikisho Massachusetts dhidi ya vyuo 32, wanafunzi wakidai ED inaua ushindani na kupandisha bei. Mtoto wa mfanyabiashara anaweza kufunga macho akasaini. Mtoto wa mama anayefanya usafi hospitali anasaini nini hasa, wakati hajaona barua hata moja?

Mimi wangu wawili niliwaambia EA tu, chuo kikuu cha jimbo, na basi. Wote wako vizuri.

Baba Zuhura, Portland

Omondi, uliyosema kuhusu 2006 ni kweli na mimi naamini Bok alikuwa sahihi. Utaratibu huu haukutungwa kwa ajili yetu. Lakini mtoto wa mwaka huu anaomba mwaka huu, katika utaratibu uliopo. Nikimwambia asiiguse ED kabisa, nafasi ile anaichukua jirani yake ambaye baba yake ni daktari.

Tunakubaliana kwenye EA ya chuo cha jimbo. Kila mtoto awe nayo, hata anayeomba REA au ED kwingine, ilimradi sheria za chuo chake cha kwanza zinaruhusu. Vyuo vingi vya majimbo hugawa misaada ya wenye maksi nzuri kwa walioomba mapema. Anayengoja Januari anakuta sahani imefutwa.

Wewe ulikuwa na watoto ambao chuo cha jimbo kiliwafaa na bei yake mliiweza. Mama Riziki kwa kesi yake, bila FAFSA, chuo cha jimbo kinaweza kumgharimu zaidi ya Bowdoin. Ajabu hii wazazi wetu hawaiamini mpaka waone tarakimu zote mbili kwenye karatasi moja.

Binti wa Kakuma

Hamjambo wazazi. Nasoma mwaka wa pili chuoni, nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, tulihamia Marekani nikiwa darasa la nane. Naona hamjataja QuestBridge na mimi ndiyo iliyonileta. Ni mpango wa watoto wa familia za kipato kidogo, kwa kawaida chini ya dola 65,000 kwa familia ya watu wanne. Ukiwa unasoma sekondari ndani ya Marekani unaweza kuomba hata kama si raia, ila baadhi ya vyuo wanaoshirikiana nao wana masharti yao ya uraia, kwa hiyo soma ukurasa wa kila chuo. Fomu inafungwa mwishoni mwa Septemba, mapema kuliko zote. Katikati ya Oktoba unaambiwa kama umepita, unapanga vyuo hadi 15 kwa mpangilio wa unavyovipenda, na 1 Desemba unajua kama umepata. Ukipata, miaka minne yote imelipiwa.

Kosa nililofanya: nilipanga vyuo 12 bila kufikiri, kwa kuangalia majina. Vingi vinafunga kama ED. Nilipata cha saba kwenye orodha yangu na usiku ule nilikuwa nasoma kwa mara ya kwanza kiko mji gani. Nashukuru nimekipenda. Lakini ningelijua, ningeandika vitano ninavyovijua.

Baba Zuhura, Portland

Mwanangu, Mungu akuzidishie. Wazazi, someni maneno yake mara mbili. Hii ndiyo njia ya kwanza ya kuiangalia kwa familia zenye kipato hicho, kabla ya ED, na muda wake ndio huu.

Kuna jambo moja nataka kulikazia kwa sababu linawahusu watoto wetu kuliko watoto wengine. Mtoto aliyefika hapa darasa la tisa kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma, maksi zake zinapanda kila muhula. Darasa la tisa ana C za Kiingereza, la kumi B, la kumi na moja A mbili tatu. Akiomba 1 Novemba, chuo kinaona mpaka darasa la kumi na moja tu. Akingoja, kinaona na muhula wa kwanza wa mwaka wa mwisho, ambao mara nyingi ndio mzuri kuliko yote. Kwa mtoto wa namna hiyo kuna ED ya pili. Inafunga vile vile kama ya kwanza, ila unaomba mwanzoni mwa Januari na jibu linatoka Februari. Bowdoin, Bates na Colby wote wanayo. Washauri wa shule wana watoto mamia, wanasema "omba mapema" kwa wote. Wewe ndiye unayejua kwamba wa kwako bado anapanda.

Mwaka juzi nilikaa na kijana mmoja wa namna hii. Mama yake alitaka Novemba kwa sababu rafiki zake wote waliomba Novemba. Tulimsihi angoje. Muhula ule alipata A ya kemia, na mwalimu wa kemia ndiye aliyemwandikia barua ya mapendekezo, barua ambayo Novemba isingekuwepo.

Mama Ali, Mombasa

Samahani kuingilia, sisi tuko nyumbani. Wangu yuko kidato cha nne, KCSE ni Novemba hiyo hiyo. Anaweza kuomba ED huku akifanya mtihani?

Baba Zuhura, Portland

Mama Ali, mwache afanye mtihani. Insha ya chuo na KCSE wiki moja ni kumkata mtoto vipande viwili. Wengi wa Kenya huomba mwaka unaofuata, matokeo yakiwa mkononi, na miezi ya katikati wanaitumia kwa SAT: kwa Novemba ya mwaka huo, mtihani wa Agosti au Oktoba ndio wa kulenga. Ofisi ya EducationUSA Nairobi, ya serikali ya Marekani ya kushauri kuhusu vyuo vya huku, hawalipishi kukushauri. Ulizia pia KenSAP, mpango ulioanza 2004 Bonde la Ufa, unaochukua vijana waliokwisha kufanya KCSE na kuwaandaa kwa vyuo vya huku.

Kwa aliye nje ya Marekani, orodha ya kuanza nayo ni fupi, maana vyuo vingi huangalia uwezo wa mgeni kulipa kabla ya kumkubali. Visivyoangalia ni vichache: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, Brown na vingine viwili vitatu. Kati ya hivyo nilivyotaja, vinne vya mwisho ndivyo vyenye ED. Dartmouth na Brown wamerudisha sharti la SAT au mtihani mwenzake ACT, ingawa kwa aliyesoma nje ya Marekani Dartmouth hupokea pia mitihani mingine, kama mtihani wa taifa wa kwao.

Omondi, Minneapolis

Nimesoma hiyo ya ED ya pili, na ile ya Mama Riziki kukosa FAFSA sikuwa nimeifikiria. Nakubali. Bado nasema mtu asisaini bila kuona tarakimu.

Niongeze moja. Pesa tunazotuma nyumbani hazionekani kwenye fomu ya kodi. Mimi nalipia karo ya watoto watatu wa marehemu kaka yangu Siaya na dawa za mama. Kwenye CSS Profile, fomu ya msaada ambayo vyuo vingi binafsi huidai, kuna sehemu ya kueleza hali maalum. Nilieleza yote, nikaambatanisha risiti za M-Pesa za mwaka mzima. Chuo kimoja hakikujali. Kingine kilinipunguzia.

Baba Zuhura, Portland

Hilo la risiti sikulijua, na nimekuwa nikifanya kazi hii miaka minne. Asante kaka.

Kwa watakaoomba ED hii Novemba: insha za vyuo vya Januari ziandikwe sasa, kabla ya jibu. Kati ya jibu la Desemba na tarehe za mwanzo wa Januari kuna wiki tatu, shule imefungwa, mwalimu wa kusahihisha hayupo. Mtoto akikubaliwa, insha zile zitupwe kwa furaha.

Mama Riziki, Lewiston

Narudi na habari. Jana tulikaa mezani, mimi, baba yake na kijana, na fomu ya kodi ya 2024. Tulijaza kikokotoo mara mbili. Mara ya kwanza nilifanya kosa lile lile la kwako, nilijaza pesa inayoingia benki. Mara ya pili tukaweka sawa. Tarakimu iliyotoka ni ndogo kuliko kodi ya nyumba ya miezi miwili. Baba yake alinyamaza muda mrefu, halafu akamwuliza kijana kwa Kibembe kama ana uhakika. Akasema ndiyo.

Nimemwandikia ofisa wa udahili kuhusu kesi yetu, nangoja jibu. Maksi zake zinapanda kama ulivyoeleza, hesabu muhula huu anasema anakwenda vizuri. Tumeamua Januari. Swali langu la mwisho: barua za walimu ziombwe sasa au Desemba?

Baba Zuhura, Portland

Sasa, mama. Aende kesho kabla ya kipindi cha kwanza, aombe kwa mdomo, siyo kwa ujumbe. Amwambie mwalimu tarehe ya mwisho ni Januari lakini angependa iwe tayari kabla ya sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) ya Novemba. Na ampelekee karatasi moja ya kazi aliyoifanya darasani kwake, ili mwalimu awe na la kuandika.